Mashine Nayo Ipande Kizimbani

Kwa majaji na mahakimu, kwa wazee wa baraza na mawakili, kwa wataalamu wa mifumo, na kwa kila mwananchi anayengoja hukumu.

Katika kitabu cha Danieli, sura ya kumi na tatu, ile ambayo Wakatoliki huisoma Kwaresima inapokaribia mwisho, mna habari za mwanamke aitwaye Susana. Wazee wawili walimsingizia uzinzi. Hawakuwa wahuni wa njiani. Walikuwa waamuzi wa watu, wenye mvi na heshima, na mkutano mzima ukawaamini kwa sababu ya mvi zile na vyeo vile. Susana akahukumiwa kufa. Alipokuwa akipelekwa kuuawa, kijana Danieli akapaza sauti akaukemea umati kwa kumhukumu mtu pasipo kuchunguza. Akaagiza wazee watenganishwe. Akamuuliza wa kwanza aliwaona wazinzi chini ya mti gani, naye akataja mti. Akamuuliza wa pili swali lilelile, naye akataja mti mwingine. Uongo ukaanguka pale pale, na mwanamke akapona.

Mtazameni Danieli alikuwa na nini mkononi. Hakuwa mtunza bustani, wala hakuwa amesomea miti. Cheo hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni moyo wa kukataa: alikataa kuupokea ushahidi kuwa kweli kwa sababu tu aliyeutoa anaheshimika. Lakini angalieni na jambo la pili, ambalo wahubiri wengi hulipita. Ilimpasa ajue kwamba mti huu si mti ule. Asingeweza kutofautisha majibu mawili, swali lake lingekuwa kelele tu. Ujasiri wa kuuliza na akili ya kulielewa jibu, hivyo viwili ndivyo vilivyomwokoa Susana, na kimoja bila kingine kisingefaa kitu.

Sasa nisikilizeni. Mzee mwenye mvi wa zama zetu, anayeaminiwa na mkutano mzima kabla hajaulizwa swali hata moja, ni kompyuta. Karatasi iliyochapwa na mfumo inaletwa mahakamani, inapokewa kuwa kielelezo, na mshtakiwa anaambiwa: mashine imesema. Tangu hapo anayeshtakiwa si mtu tena anayesikilizwa. Ni mtu anayebishana na hesabu. Watu wanauliza: je, jaji anayesikiliza kesi ya teknolojia lazima awe na elimu ya teknolojia? Wengine wanajibu kwamba lazima, la sivyo ni kipofu anayeongoza vipofu. Wengine wanasema hapana, sheria ni sheria, na wataalamu wapo wa kueleza. Mimi nasema, na nasema kwa moyo wangu wote: jaji hadaiwi kuwa fundi wa mashine, bali anadaiwa kuipandisha mashine kizimbani kama shahidi mwingine yeyote, aidodose, na ajifunze kadiri ya kulielewa jibu lake. Asiyefanya hivyo, hata awe mwadilifu kiasi gani, mikono yake itamfunga mtu asiye na hatia.

Nimesema mwadilifu, na sikukosea neno. Sikieni yaliyotokea Uingereza.

Mwaka 1999 Shirika la Posta la nchi hiyo lilianza kufunga katika ofisi zake mfumo wa hesabu wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo baadaye ilimezwa na Fujitsu. Ofisi nyingi za posta kule haziendeshwi na watumishi wa shirika. Huendeshwa na watu binafsi kwa mkataba, mara nyingi ndani ya duka dogo la kijijini au mtaani. Mfumo mpya ulipoanza kuonyesha upungufu wa fedha ambazo hazikupotea popote, watu hao waliambiwa walipe. Waliolipa walimaliza akiba zao, wakakopa kwa ndugu, wakauza nyumba. Walioshindwa kulipa walishtakiwa kwa wizi, kwa ulaghai, kwa kughushi hesabu. Kati ya mwaka 1999 na 2015, watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani katika kesi zilizoegemea takwimu za Horizon. Nyingi ya kesi hizo ziliendeshwa na Posta yenyewe: mdai ndiye mpelelezi, na mpelelezi ndiye mwendesha mashtaka.

Lee Castleton alikuwa na posta huko Bridlington, pwani ya mashariki ya England. Alipiga simu ya msaada makumi ya mara akilalamika kwamba hesabu za mashine hazilingani na fedha zilizomo sandukuni. Posta ilimdai pauni zipatazo 25,000. Mahakamani alijitetea mwenyewe, kwa kuwa hakummudu wakili. Mwaka 2007 jaji aliamua kwamba mfumo ulifanya kazi ipasavyo na kwamba upungufu ulikuwa wa kweli. Gharama za kesi alizobebeshwa zilizidi pauni 300,000. Akafilisika.

Seema Misra alikuwa na posta huko West Byfleet, katika jimbo la Surrey. Mwezi Oktoba 2010 alisimama mbele ya mahakama ya Guildford akidaiwa kuiba pauni 74,000. Upande wake uliomba zaidi ya mara moja upewe kumbukumbu za mfumo uzichunguze; haukupewa ulichohitaji. Mwaka huohuo, ndani ya Posta na ndani ya kampuni ya mfumo, ilikuwapo taarifa ya hitilafu iliyovuruga hesabu za ofisi zipatazo 60. Utetezi haukuambiwa. Baraza la wananchi walioketi kusikiliza kesi likamwona ana hatia. Tarehe 11 Novemba 2010, siku ambayo mwanawe alikuwa anatimiza miaka 10, mama yule mwenye mimba ya majuma manane alihukumiwa kifungo cha miezi 15.

Ndugu zangu, majaji wale hawakuhongwa. Hawakuwa wavivu, hawakuwa wakatili. Walivaa majoho yao, wakasikiliza, wakaandika, wakaamua kwa mujibu wa walicholetewa. Hapo ndipo pa kutetemekea! Kama dhuluma ingetoka kwa wala rushwa tungeshajua dawa yake. Dhuluma hii ilipita katikati ya watu wema, kwa kuwa hakuna aliyeona kwamba ndani ya chumba cha mahakama mlikuwa na shahidi mmoja asiyeapishwa wala kuulizwa swali.

Na sheria ndiyo iliyomfungulia mlango. Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya Uingereza ya mwaka 1984, katika kifungu cha 69, ilimtaka anayeleta waraka wa kompyuta aonyeshe kwanza kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kifungu kilionekana ni mzigo unaochelewesha kesi. Mwaka 1999 Bunge likakifuta. Ikabaki dhana ya zamani ya mahakama, kwamba mashine ichukuliwe kuwa ilifanya kazi vizuri mpaka atokee wa kuonyesha vinginevyo. Nani atokee? Mama wa dukani, asiye na nenosiri la seva, asiyeweza kuona lolote zaidi ya kioo kilichokuwa mbele yake. Miaka ileile mfumo unasambazwa nchi nzima, ndiyo miaka ileile mahakama ilivuliwa silaha ya kuuhoji.

Sokoni kwetu Tanzania mizani ya muuza nyama hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri, na muhuri huo una muda wake. Hakuna anayemwambia mnunuzi: lete wewe ushahidi kwamba mizani ni mbovu, na mpaka utakapouleta, kilo ni kilo. Kilo moja ya nyama ina ulinzi huo. Uhuru wa Seema Misra haukuupata.

Basi ukweli ulitokaje? Ulitoka kwa watu waliokataa kunyamaza, na kwa jaji aliyekubali kujifunza. Alan Bates, aliyekuwa na posta Llandudno, Wales, na kunyang'anywa mwaka 2003, aliwatafuta wenzake mmoja mmoja. Kila mmoja wao alikuwa ameaminishwa kwamba ni yeye peke yake katika nchi nzima mwenye shida na mfumo. Walipokutana, uongo huo ulikufa. Watu 555 wakafungua kesi kwa pamoja, ikaja mbele ya Jaji Peter Fraser wa Mahakama ya Teknolojia na Ujenzi, London.

Tazameni alivyofanya. Kila upande ulileta mtaalamu wake, na wataalamu hao wakatakiwa waketi pamoja waandike wanakubaliana wapi na wanatofautiana wapi. Rejesta ya hitilafu zinazojulikana, maelfu ya kumbukumbu ambazo upande wa Posta ulizichukulia awali kuwa si kitu, ikafunguliwa na kusomwa. Mtu aliyewahi kufanya kazi ndani ya Fujitsu akasimama kueleza jinsi wafanyakazi walivyoweza kuingia kutoka mbali katika hesabu za ofisi bila mwenye ofisi kujua. Tarehe 16 Desemba 2019 jaji alitoa hukumu ndefu, na nyuma yake akaambatisha maelezo ya kiufundi, hitilafu moja baada ya nyingine. Aliamua kwamba hitilafu za Horizon ziliweza kuleta upungufu katika hesabu za ofisi, na kwamba kweli ziliuleta. Ukaidi wa Posta aliufananisha na wa mtu anayeshikilia katika karne hii kwamba dunia ni bapa.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Tarehe 23 Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za watu 39 kwa siku moja, ikasema kwamba mashtaka yale yalikuwa fedheha mbele ya dhamiri ya mahakama. Mwezi Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hatia za mamia waliobaki. Seema Misra alisafishwa jina pamoja na wale 39. Lakini wako waliozikwa wakiwa wezi kwenye vitabu vya mahakama, na hakuna sheria ya Bunge inayowarudisha mezani na watoto wao.

Mfumo ulikuwa uleule. Nchi ileile, sheria zilezile za msingi. Kilichobadilika ni swali. Mahakama za kwanza zilimuuliza mshtakiwa: fedha zimekwenda wapi? Mahakama ya 2019 iliuliza mfumo: wewe hukosea namna gani?

Najua mtanijibu. Wapo watakaosema: kama ni hivyo, wahandisi ndio waketi kitini, tumalize. Ujerumani imefanya jambo la namna hiyo. Mahakama yake ya Hataza, iliyoanzishwa Munich mwaka 1961, ina majaji wenye elimu ya ufundi wanaoketi pamoja na wanasheria, na Mahakama ya pamoja ya Hataza ya Ulaya, iliyofungua milango Juni 2023, imefuata njia hiyo. Siwapingi. Katika mashauri ya hataza, ambako kila siku swali ni je, uvumbuzi huu ni mpya, mpango huo una busara. Lakini teknolojia haimngoji mtu kwenye mlango wa mahakama maalumu. Inaingia katika kesi ya ndoa kupitia ujumbe wa simu, katika kesi ya ardhi kupitia picha za setilaiti, katika kesi ya mauaji kupitia minara ya simu, katika kesi ya wizi kupitia taarifa ya miamala. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo anakutana nayo Jumatatu asubuhi kabla ya chai. Hatutapata mhandisi wa kila fani wa kukaa kila kiti.

Tena ujuzi wa jaji nao una hatari yake, nami sitaificha. Jaji anayejua kitu kimoyomoyo, akaamulia kesi kwa kile anachokijua bila kukisema, amekuwa shahidi asiyeapa. Wakili atamdodosaje? Mshtakiwa atamjibuje? Huenda alichokijua kilikuwa kweli miaka 15 iliyopita, na mashine zimebadilika mara tatu tangu siku hiyo. Mjinga anayeuliza ni salama kuliko mjuaji anayenyamaza.

Ndiyo maana namheshimu Jaji William Alsup wa San Francisco. Mwaka 2012 kesi ya Oracle na Google ilipofika mbele yake, ugomvi ukiwa juu ya lugha ya programu iitwayo Java, aliifanyia kazi lugha hiyo na kujifunza. Upande wa Oracle ulipotaka mistari tisa ya programu ihesabiwe kuwa kitu kikubwa kilichonakiliwa, jaji alimwambia wakili wazi, mbele ya wote, kwamba yeye mwenyewe amewahi kuandika vipande vya namna hiyo mara nyingi, na kwamba si kazi ya kumshinda mtu. Aliusema ujuzi wake mahali ambapo ungeweza kujibiwa. Na ulijibiwa: mwaka 2014 mahakama ya rufani iliutengua uamuzi wake kuhusu hakimiliki. Shauri likapanda na kushuka, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2021, kwa majaji sita dhidi ya wawili, ilipoipa Google ushindi kwa hoja nyingine, ya matumizi ya haki. Elimu haikumfanya jaji asikosolewe. Ilimfanya aeleweke, na anayeeleweka anaweza kusahihishwa.

Wala hili si jambo geni. Mwaka 1782, huko England, palikuwa na ugomvi kuhusu bandari ya Wells iliyokuwa ikijaa mchanga. Je, boma lililojengwa kuzuia maji ya bahari ndilo chanzo? Jaji Mkuu, Lord Mansfield, hakujua habari za mchanga na mikondo. Aliamua kwamba mhandisi John Smeaton, mjenzi wa mnara wa taa wa Eddystone, asikilizwe, kwa kuwa katika jambo la elimu wenye elimu ndio wa kuulizwa. Na sisi Tanzania tunawajua wazee wa baraza: wanapoitwa hukaa na jaji, hutoa maoni yao waziwazi, na jaji anabaki na uamuzi na lawama yake. Mtaalamu aitwe kwa roho hiyohiyo. Aseme mbele ya wote, aulizwe na pande zote, kisha anyamaze. Asiyekubaliwa ni mtaalamu wa upande mmoja tu, aliyelipwa na mwenye mashine, anayefika kueleza kwamba mashine ya mwajiri wake haina dosari.

Jirani zetu wa Kenya wametupa fundisho mara mbili, nasi tulishike. Baada ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga iliamuru Tume ya Uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikutii ipasavyo. Je, majaji walihitaji shahada ya kompyuta ili kujua la kufanya? Walishika kanuni ya sheria iliyo ya kale kuliko umeme: mwenye ushahidi mkononi akiuficha, mahakama ina haki ya kuamini kwamba ungemuumbua. Tarehe 1 Septemba, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, uchaguzi wa Rais ukabatilishwa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2022, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, lilikuja dai la upande wa pili: kwamba watu waliingia ndani ya mfumo na kubadilisha fomu za matokeo. Zikaletwa karatasi zilizodaiwa kuwa kumbukumbu za mfumo, zenye sura ya kitaalamu, za kumtisha asiyejua. Mahakama haikuinama mbele ya karatasi hizo, wala haikuzitupa bila kuzitazama. Iliamuru ukaguzi chini ya Msajili wake. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba walikubaliana kwamba dai halikuthibitika, na kwamba kumbukumbu zilizoonyeshwa zilikuwa ama za uchaguzi wa 2017 ama za kughushi tu. Lishikeni hili! Kuidodosa mashine si kumpendelea anayeilalamikia. Mara ya kwanza swali lilimwangusha mwenye seva; mara ya pili lilimwangusha mwenye shutuma.

Sheria zetu hazijatuacha mikono mitupu. Tanzania, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama ipime uzito wa ushahidi wa kielektroniki kwa kuangalia jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotumwa. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti. Lakini cheti kikigeuka fomu ya kujaza, kimeandaliwa na ofisa ambaye hajawahi kuuona huo mfumo kwa ndani, tumerudi palepale. Muhuri juu ya karatasi haujawahi kutibu hitilafu ndani ya programu.

Fikirini ni nani kwetu amekaa pale alipokaa Seema Misra. Ni wakala wa fedha kwa simu kwenye kibanda chake. Ni karani wa kituo cha afya anayekusanya malipo kwa mashine. Ni keshia, ni ofisa wa chama cha ushirika, ni mtendaji wa kijiji mwenye kifaa cha kukusanyia ushuru. Kila mmoja wao anaingiza tarakimu katika mfumo ambao hakuutengeneza, unaofunguliwa na watu asiowajua, kutoka mahali asipopajua. Siku hesabu zisipolingana, yeye ndiye mwenye jina, sura na anwani. Mfumo hauna mkono wa kutiwa pingu.

Kwa hiyo nawasihi ninyi waheshimiwa majaji na mahakimu. Kielelezo cha mfumo kikiwekwa mezani, ulizeni. Mfumo huu umewahi kukosea, lini, na rejesta ya makosa yake iko wapi? Mtu akijibu kwamba haujawahi kukosea, mjue hapo hapo kwamba anasema uongo au hajui, maana programu isiyo na hitilafu haijaandikwa bado. Ulizeni nani mwingine anaweza kuingia na kubadilisha, na akiingia anaacha alama gani. Ulizeni ni wangapi wengine wamelalamika jambo hilihili. Ulizeni kama mshtakiwa amepewa nafasi ya kuona kile ambacho mshtaki anakiona. Ulizeni ni kitu gani, kama kingekuwapo, kingeonyesha kwamba karatasi hii si kweli, na kama kuna aliyekwenda kukitafuta. Maswali hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu asiyeona haya kusema mbele ya mawakili: sijaelewa, rudia. Jaji anayesema sijaelewa hajaishusha mahakama. Ameiinua juu ya mashine.

Kisha jifunzeni, maana nimesema tangu mwanzo kwamba swali bila kulielewa jibu ni kelele. Jifunzeni seva ni nini, kumbukumbu za mfumo ni nini, nakala inatofautianaje na kitu halisi, jinsi tarehe ya faili inavyoweza kubadilishwa. Hakuna jaji aliyezaliwa anajua maana ya jeraha la risasi. Alijifunza kwa madaktari, kesi baada ya kesi, hadi daktari mwongo akawa hawezi kumdanganya. Jambo hili nalo litafundishika. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo Lushoto. Mafunzo haya yawe ya lazima pale, na yawe ya kila mwaka, maana elimu ya mashine huzeeka upesi.

Nawasihi ninyi mawakili wasomi. Yale maneno mepesi, hatuna pingamizi, yanayotamkwa kielelezo kinapoletwa ili kesi iende mbele, yapimeni kabla hayajatoka mdomoni. Kwa maneno hayo watu wamefungwa. Wala msiziinamie mashine zenu wenyewe. Mwaka 2023, New York, mawakili walipeleka mahakamani kesi za kale walizopewa na programu ya akili mnemba ya ChatGPT. Jaji Kevin Castel aliamuru waziwasilishe hukumu zenyewe, na ikaonekana kesi hizo hazikuwahi kuwapo. Mawakili wawili na ofisi yao walitozwa dola 5,000. Jaji hakuwa ameifungua ile programu na kuichambua. Aliomba kuona nakala.

Nawasihi ninyi wataalamu wa mifumo. Mkiitwa mahakamani, mmeitwa na mahakama, hata kama aliyewalipa ni mwingine. Semeni kasoro mnazozijua kabla hamjaulizwa. Semeni kwa Kiswahili ambacho mama wa kibandani atakielewa, maana uhuru unaopimwa ni wake. Anayeficha hitilafu ili kulinda jina la bidhaa, wakati mtu yuko kizimbani, ameshika mlango wa jela kwa mkono wake.

Nawasihi mnaopanga bajeti. Mwenye fedha hakosi mtaalamu. Maskini hukosa, na asiyeweza kumlipa mtaalamu hana utetezi mbele ya mashine. Mahakama ziwe na orodha ya wataalamu wake, na fungu la kuwalipia wasio na uwezo. Msiseme ni ghali. Uingereza iliokoa muda kwa kukifuta kifungu kimoja, na sasa inalipa fidia ya mamilioni kwa mamilioni ya pauni, na kuna machozi ambayo hazina yake haiwezi kuyalipa.

Nanyi wananchi, msisaini upungufu msiouelewa kwa kuogopa kupoteza kazi. Wengi wa wale wa Uingereza walinaswa hapo: waliambiwa wakubali, wakasaini hesabu walizojua si sawa, na sahihi zao zikawageukia kuwa ushahidi. Andikeni pembeni kwa mkono wenu. Tunzeni risiti. Mkiambiwa kwamba ni ninyi peke yenu, tafutaneni.

Neno langu la mwisho ni kwa anayeshika kalamu ya hukumu. Mheshimiwa, andika katika hukumu yako uliuliza nini juu ya mashine na ulijibiwa nini. Andika kwa maneno yako jinsi ulivyouelewa mfumo huo, hata kama huna hakika kwamba umeuelewa vyema, ili wa rufani auone mstari uliokosea na aurekebishe kabla miaka ya mtu haijateketea. Aya hiyo moja itakulazimisha kujifunza kuliko semina yoyote, kwa kuwa huwezi kuandika jibu la swali ambalo hukuliuliza. Ukifika mahali pa aya hiyo ukakuta huna la kuandika, acha kalamu, ahirisha shauri, mwite mwenye mfumo, muulize. Na mpaka atakapojibu ukaelewa, usitie sahihi.